Tungule za Ndia Kuu

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu, na kwamba makao yake ni vitabuni na katika nyumba za makumbusho. Dhana hiyo ina upungufu. Historia imo pia katika debe la udongo lililowekwa uani, na katika tunda jekundu ambalo mama hulikata kila siku kabla ya kuunga mchuzi. Tena mara nyingine historia ya kitu kidogo kama hicho huleta faida ya upesi kuliko historia ya mfalme, maana ajuaye kitu kimetoka wapi na kimepita wapi huweza kukisaidia kinapougua. Asiyejua hubaki akilaumu. Nataka kuyathibitisha maneno haya kwa mfano wa tungule zilizopandwa katika nyumba moja ya Ndia Kuu, mjini Mombasa, na uhasama uliokaribia kuzuka kwa ajili yake.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kwa watu wa Mombasa nyanya ni mama wa mzazi, na tunda lenyewe huitwa tungule. Mmea wake ni mtungule. Mahali pengi pengine tunda hilo huitwa nyanya. Katika insha hii nitafuata lugha ya mji ninaousimulia, ili nyanya asije akachanganywa na kitoweo chake.

Ndia Kuu ni njia mashuhuri ya Mji wa Kale. Wamvita husema ndia pale ambapo wengine husema njia. Huanzia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikapita katikati ya nyumba za mawe na chokaa zilizosongamana. Wareno walipokaa Mombasa walikuwa na mtaa wao papo hapo, na njia yake waliiita Raposeira. Wareno walikwisha kuondoka, na jina lao la njia hiyo limesahauliwa na wengi, lakini njia ingali inapitwa na watu kila siku.

Nyuma ya nyumba za Ndia Kuu hamna mashamba. Baadhi yake zina ua mdogo uliozungukwa na kuta, na nyingine zina dari tu zinazopata jua. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe, na juu ya mwamba huo udongo ni haba. Kwa hiyo mwenye kutaka bustani hupanda katika madebe, mapipa na ndoo zilizotoboka, na aghalabu udongo wenyewe huletwa kwa mkokoteni kutoka ng'ambo ya kisiwa. Bustani ya namna hii ni ndogo, lakini haidharauliki. Tungule kumi zilizochumwa uani ni tungule kumi zisizonunuliwa sokoni, na kwa nyumba yenye watoto wengi hesabu hiyo ina uzito.

Nyanya wa mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na bustani kama hiyo. Mwaka mmoja mitungule yake kumi na miwili ilisitawi mpaka ikazaa matunda mabichi, kisha ikaanza kunyauka. Mchana majani yalilegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, hali yangali mabichi. Usiku yaliinuka kidogo. Siku ya nne hayakuinuka tena. Alizidisha maji, haikufaa. Mmoja baada ya mwingine, ikafa minane. Na upande wa pili wa ukuta, uani kwa jirani yake wa miaka mingi, mitungule ilikuwa imenawiri na kuzaa sana.

Jirani huyo alikuwa amepita siku chache kabla, akaitazama mitungule ya mwenziwe, akaisifu kwa sauti. Basi ikasemwa kwamba sifa ile haikuwa sifa, ilikuwa jicho. Bibi yule aliniambia kwa utulivu, "Mwanangu mwalimu, hili si la udongo, hili ni la mtu." Salamu zikapungua, kisha zikakatika. Wajukuu wa nyumba mbili waliokuwa wakienda chuoni pamoja wakaambiwa waende mbali mbali. Niliona kwamba kilichokuwa kikinyauka pale si mitungule peke yake, nikaamua kuyatafuta yale yanayojulikana juu ya mmea huu tangu mwanzo wake.

Mtungule si mmea wa Afrika, wala si wa Ulaya. Ndugu zake wa mwituni huota mpaka leo Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru na Ekuado, juu ya milima ya Andes na katika pwani iliyo chini yake. Matunda ya baadhi yao ni madogo kama punje za fiwi. Huko Meksiko wakulima wa kale waliukuza mmea huu kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, mpaka ukazaa matunda makubwa. Katika lugha ya Kinahuatl uliitwa tomatl, na jina hilo ndilo lililozaa majina yake katika lugha nyingi za Ulaya. Wahispania, chini ya Hernán Cortés, waliuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, na katika karne hiyo hiyo padre Bernardino de Sahagún aliandika juu ya wachuuzi waliouza matunda haya ya aina nyingi sokoni. Mwaka 1544 tabibu Pietro Andrea Mattioli wa Italia aliutaja katika kitabu chake cha mimea. Hata hivyo watu wengi wa Ulaya waliuogopa kwa muda mrefu, maana waliuona unafanana na mimea yenye sumu. Hawakukosea kuuona udugu huo: mtungule ni wa ukoo mmoja na mbiringani, mpilipili, kiazi cha Ulaya na tumbaku. Msomaji aukumbuke ukoo huo, kwa maana tutauhitaji.

Pwani yetu ilianza kupata mimea ya Amerika baada ya kufika Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498, miaka sita tu baada ya Columbus kuvuka bahari ya Atlantiki. Mahindi, muhogo, mananasi, mapera na makanju, yote asili yake ni Amerika. Hata jina la mkanju limetokana na neno la Kireno. Tungule ni ya msafara huo wa mazao. Imevuka bahari mbili, ikazoeleka mapishini mwetu mpaka ikaonekana kama mwenyeji. Lakini mgeni, hata akiishi nasi miaka mingi, huwa na desturi za kwao, na asiyezijua humtaabisha bila ya kukusudia.

Desturi ya kwanza ni ya hewa. Mtungule hupenda mchana wa jua na usiku wa baridi ya kiasi. Joto la usiku linapozidi nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi, unga wa maua hudhoofika, ua halishiki mimba, nalo hukauka na kuanguka. Mombasa, wakati wa kaskazi, hasa miezi ya Februari na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au zaidi, na usiku haupoi sana. Mwenye bustani huona maua mengi ya manjano, akafurahi. Baada ya wiki moja huyaona yametapakaa chini, akadhani mmea umerogwa au mbolea imepungua. Akiongeza samadi hupata majani makubwa na maua yale yale yanayoanguka. Dawa yake ni kalenda. Mbegu zikisiwa kitaluni mwishoni mwa Aprili au mwezi wa Mei, chini ya kivuli kinachozuia mvua kubwa, miche huwa tayari kuhamishwa baada ya majuma manne au zaidi kidogo. Hivyo maua huchanua Julai na Agosti, wakati kusi inapovuma na usiku wa Mombasa unapokuwa wa baridi kuliko wakati wote wa mwaka. Wazee wetu waliojua kungojea pepo kabla ya kutweka tanga wangaliifahamu kanuni hii bila ya kufundishwa.

Desturi ya pili ni ya maji. Tatizo ambalo huwashangaza wengi ni kuoza kitako. Tungule ingali mbichi huota baka jeusi au la kahawia upande wa chini, baka likakauka na kubonyea kama ngozi. Hapana mdudu wala kuvu aliyelianzisha. Wataalamu wameeleza kwamba tunda limekosa chokaa, yaani madini ya kalsiamu, wakati lilipokuwa likikua. Hapa mwenyeji wa Ndia Kuu ana haki ya kuuliza: chokaa itakosekanaje Mombasa? Nyumba tunamolala zimejengwa kwa chokaa, na mwamba tunaoukanyaga una chokaa tele! Swali ni zuri, na jibu lake ni zuri zaidi. Chokaa haiwezi kupanda mpaka kwenye tunda ila kwa kubebwa na maji. Mmea unaonyweshwa sana leo, ukasahauliwa siku mbili, kisha ukafurikishwa siku ya tatu, huwa kama mji wenye ghala zilizojaa na njia zilizofungwa. Watu hufa kwa njaa karibu na chakula. Basi mtu asikimbilie kuongeza chokaa katika udongo ambao unayo ya kutosha. Na anyweshe kwa kipimo kimoja kila asubuhi, kisha afunike udongo kwa majani makavu ili jua lisiukaushe.

Visima vya kisiwani navyo vina jambo lake. Maji ya vingi katika hivyo yana munyu. Mtungule huvumilia munyu kidogo tu. Ukizidi, mizizi hushindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa, na chokaa haipandi, na vitako huoza. Kwa hiyo afadhali kunywesha kwa maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa, na maji ya kisima yawe ya kuchanganywa. Vile vile kila debe litobolewe chini, ili maji ya ziada yatoke na kuuondoa munyu uliobaki.

Sasa tufike kwenye maradhi yenyewe, ambayo ndiyo yaliyotia fitina. Kabla ya kurudi Ndia Kuu, yafaa tusimame kidogo katika nchi ya Ayalandi. Mwaka 1845 viazi vya nchi hiyo vilianza kuoza mashambani. Majani yalifanya mabaka meusi, na viazi vikawa uvundo. Wakulima maskini hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea. Katika njaa iliyofuata, kwa miaka kadhaa, walikufa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Wakati huo wataalamu walibishana. Wengi walisema sababu ni unyevu wa hewa, na kwamba ukungu unaoonekana juu ya majani ni matokeo ya kuoza. Kasisi mmoja Mwingereza, Miles Joseph Berkeley, aliandika mwaka 1846 kwamba mambo ni kinyume: ukungu huo ni kiumbe hai, nao ndio unaoozesha. Wengi hawakumsadiki. Hatimaye mtaalamu wa Kijerumani, Anton de Bary, alithibitisha jambo hilo kwa majaribio, na mwaka 1876 akakipa kiumbe hicho jina kinachojulikana kwalo mpaka leo, Phytophthora infestans. Ugonjwa huo huo hushika na tungule, hasa katika nchi za baridi, nao huitwa bakajani chelewa.

Faida ya habari hii kwetu si ugonjwa huo tu. Faida yake kubwa ni njia ya kufikiri. Watu walijifunza kwamba mmea hauugui bure, na kwamba yapasa kumtafuta mgonjwishaji kwa macho, kwa kioo cha kukuzia na kwa majaribio, kabla ya kutoa hukumu. Kwa njia hiyo, mwaka 1896, Mmarekani Erwin F. Smith alieleza bakteria wanaonyausha tungule, viazi na biringani. Hukaa udongoni, huingia kwa majeraha ya mizizi, huzaliana ndani ya mishipa ya shina na kuiziba, na mmea hufa kwa kiu huku mizizi yake imo ndani ya maji. Huu ndio mnyauko bakteria, nao hustawi zaidi penye joto na unyevu, yaani hali ya pwani yetu.

Upo mtihani rahisi wa kuutambua, na kila mwanafunzi aweza kuufanya. Hukatwa kipande cha shina chenye urefu wa kidole, karibu na udongo, kikaning'inizwa katika bilauri ya maji safi bila ya kutikiswa. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe, kama maziwa yaliyomiminwa taratibu, hushuka kutoka kwenye mkato. Ikiwa mmea umenyauka kwa kuvu au kwa kiu, maji hubaki safi.

Tuliufanya mtihani huo uani, mbele ya bibi mwenyewe na wajukuu wake. Hapana aliyesema neno. Nyuzi nyeupe zilishuka. Nikamwuliza bibi madebe yale mwaka uliopita yalikuwa na nini. Akafikiri, kisha akasema yalikuwa na mabiringani. Je, yalizaa? Akasema hayakuzaa vizuri; mengine yalikauka ghafula, naye akayang'oa na kupanda tungule katika udongo ule ule. Halafu mjukuu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaulizwa madebe ya kwao yalikuwa na nini. Akajibu yalikuwa na vitunguu.

Hapo mambo yakawa wazi. Biringani na tungule ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja humrithi mwenziwe. Debe lilikuwa na historia yake, na historia hiyo ndiyo iliyoua. Jirani aliyesifu alikuwa amesifu tu. Bibi alinyamaza kitambo, akautazama ukuta, akasema, "Basi nimemwonea." Sikuongeza neno, kwa sababu mtu aliyejihukumu mwenyewe hahitaji kadhi wa pili.

Mnyauko huu hauna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Mmea ulioshikwa hung'olewa pamoja na mizizi yake na kuchomwa moto, wala hautupwi katika shimo la mbolea. Udongo wake usipandwe tungule, biringani, pilipili wala viazi, bali upandwe mahindi au vitunguu kwa misimu kadhaa. Na katika madebe ni afadhali kuubadilisha wote na kuyasugua madebe. Jembe, kisu na mikono vioshwe kabla ya kugusa mmea mwingine. Katika nchi za Asia wakulima hupandikiza kichwa cha mtungule juu ya shina la aina teule za biringani zenye mizizi isiyoshikwa upesi na ugonjwa huu, kazi iliyoenezwa sana na kituo cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa nchini Taiwan mwaka 1971. Hivyo jamaa yule yule aliyeleta ugonjwa, akichaguliwa vyema, huwa mlinzi.

Yako maradhi mengine ambayo historia yake ina mafunzo. Mmea ukidumaa na kugeuka manjano, ung'oe mmoja utazame mizizi. Ikiwa ina vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo. Kasisi Berkeley, yule tuliyemtaja, ndiye aliyeandika mwaka 1855 juu ya vinundu hivyo alivyoviona kwenye mizizi ya matango huko Uingereza. Kinga yake ilipatikana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1944 mtaalamu P. G. Smith wa California alifaulu kuuzalisha mtungule wa bustanini pamoja na ndugu yake wa mwituni kutoka Peru. Mbegu ya ndoa hiyo haikuweza kukua yenyewe, ikabidi kiini chake kitolewe na kulelewa katika chombo cha kioo. Kutoka katika uzao huo zilipatikana baadaye aina zinazowashinda minyoo hao, na ndiyo maana pakiti nyingine za mbegu huwa na herufi N baada ya jina. Mwenye kununua mbegu aitafute herufi hiyo. Lakini ajue pia kwamba nguvu hiyo hupungua udongo unapozidi joto la nyuzi 28, na debe jeusi lililoachwa juani Mombasa hupita hapo upesi. Kwa hiyo udongo ufunikwe kwa majani, na debe lipakwe chokaa nje au litiwe kivulini wakati wa adhuhuri.

Mabaka ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yanayoanza kwenye majani ya chini, ni bakajani tangulia. Kuvu wake hukaa katika mabaki ya mimea, na matone ya mvua huurusha kutoka udongoni mpaka kwenye majani. Ondoa majani ya chini, simika mti wa kuegemeza mmea, nywesha shinani wala si juu ya majani. Ikihitajika dawa, ya kale kuliko nyingi ni ya mrututu na chokaa, na chanzo chake kinachekesha. Katika Ufaransa, kando ya njia, wakulima wa Médoc walikuwa wakinyunyizia mizabibu yao mchanganyiko huo wa buluu ili wapita njia wenye kuiba zabibu wadhani ni sumu. Mwaka 1882 Profesa Alexis Millardet wa Bordeaux aliona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani mazima, na ile ya ndani ilikuwa imepukutika kwa ugonjwa ulioingia kutoka Amerika. Akafanya majaribio, akatangaza dawa yake mwaka 1885. Wakulima walikusudia kuwafukuza wezi. Bila ya kujua wakafukuza maradhi. Tahadhari yake ni kwamba mrututu ni sumu, hivyo hutumiwa kwa kipimo kilichoandikwa, nao hukinga jani zima lakini hauponyi lililokwisha kuoza.

Mwisho nitamtaja adui mgeni kuliko wote. Ni nondo mdogo wa kijivu aitwaye Tuta absoluta, na Tanzania hujulikana kwa jina la kantangaze. Viwavi wake hula jani kwa ndani, likabaki ngozi mbili kavu, kisha hutoboa matunda. Alielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1917, kutoka Peru. Mwaka 2006 alionekana Uhispania, akavuka Bahari ya Kati, akashuka kupitia Afrika ya Kaskazini, na kufikia mwaka 2014 alikuwa amekwisha ingia Kenya. Tazameni ajabu hii: mtungule ulitoka Amerika karne nyingi zilizopita ukamwacha adui yake nyuma, naye ameufuata mpaka kwetu kwa njia za biashara zile zile zinazotulisha. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 260, na dawa nyingi za wadudu amezizoea. Kwa bustani ndogo silaha bora ni macho na mikono: kutazama majani kila asubuhi, kuchuma yenye michirizi meupe na kuyachoma, kufunika miche kwa chandarua chenye matundu madogo, na kutoacha matunda yaliyooza chini.

Wasomaji vijana, matatizo yote haya niliyoyataja yanafanana katika jambo moja. Maua yanayoanguka, vitako vinavyooza, mishipa iliyozibwa, minyoo, mabaka na nondo, kila moja lilipata tiba pale mtu alipouliza asili yake. Hata kinga za baadhi ya maradhi zilikutwa kwao mtungule, katika vichaka vya Peru, kwa ndugu zake ambao hapana mtu aliyewathamini. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaweza kusema kwamba mwenye kuiuliza asili hupunguza dhuluma, kwa sababu penye sababu iliyojulikana, uchawi na jicho hukosa mahali pa kukaa, na jirani hurudi kuwa jirani.

Kwa hiyo kila mwenye bustani awe na daftari. Aandike tarehe ya kusia, udongo ulikotoka, kilichopandwa kabla, siku ya ua la kwanza na siku ya jani la kwanza kuugua. Daftari hilo ni kitabu cha historia kama vingine, na mwandishi wake ni mwanahistoria, ijapokuwa nchi yake ni madebe kumi na mawili.

Bibi wa Ndia Kuu alibadilisha udongo, akapanda vitunguu, na mwaka uliofuata akasia tungule mwezi wa Mei katika madebe mapya. Agosti zilianza kuiva. Sahani ya kwanza hakuipika. Aliifunika kwa kawa, akampa mjukuu wake aipeleke nyumba ya pili. Jioni sahani ilirudi, nayo haikurudi tupu. Ilikuwa na mikate ya mofa, ingali moto. Asubuhi yake watoto wa nyumba mbili walikwenda chuoni pamoja.